Jebel Shams kwa siku moja: anza na saa na maji

Msomaji mmoja ameandika kutoka Muscat. Anataka kuondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, apande Jebel Shams, mlima mrefu kuliko yote Oman, hadi kilele cha kusini, kisha arudi kulala kwake. Maji atabeba chupa mbili za lita moja na nusu. Najua wengi mmepanga hivyohivyo, kwa hiyo jibu ni lenu nyote.

Ndugu yangu, piga hesabu. Muscat hadi uwanda wa juu, njia ya mguu inapoanzia, ni kilomita 240 hivi, zaidi ya saa tatu kwa gari. Utaanza kutembea karibu saa nne. Njia ya W4, ndiyo ya kwenda kilele cha kusini, ni kilomita 9 hadi 10 kwenda tu, na unapanda mita 1,000: saa tano hadi sita kwa mtu wa kawaida. Utafika juu saa tisa na kitu. Desemba jua linazama saa kumi na moja na nusu, nawe una saa nne za kushuka. Giza litakukuta juu ya miamba, kando ya korongo lenye kina cha karibu kilomita nzima.

Lala uwandani usiku wa kuamkia safari. Uko mita 2,000 hapo, na mwili wa mtu wa pwani unapata nafasi ya kuzoea. Anza saa kumi na mbili, kunapopambazuka na alama zinaonekana. Ikigonga saa sita mchana, geuka popote ulipo, hata kama kilele unakiona. Kile cha kaskazini usikihangaikie, ni eneo la jeshi.

Maji ni lita 5 kwa kila mtu, maana njiani hakuna pa kujaza. Kunywa nusu lita kila saa, usingoje kiu: hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona. Chupa moja iache nusu ya njia, kivulini chini ya jiwe utakalolitambua, uikute wakati wa kurudi. Maji matupu siku nzima yanapunguza chumvi mwilini, mtu akaanza kichefuchefu na kukakamaa misuli. Tende na karanga za chumvi zinasaidia kuzuia hilo.

Fuata alama za rangi maweni: njano, nyeupe, nyekundu. Dakika tano zikipita hujaona nyingine, rudi kwenye ya mwisho. Usijaribu kukisia. Njia za mbuzi zinaonekana zimekanyagwa vizuri, kisha zinaishia gengeni.

Ukingoni penyewe, changarawe juu ya mwamba laini inateleza kama gololi. Kaa mita tatu ndani. Ukitaka kuchungulia bonde la Nakhr, yaani korongo lenyewe, vua begi, lala kifudifudi, jisogeze polepole. Picha ya kusimama ukingoni na upepo ule haina thamani ya maisha ya mtu, na wenye watoto washikeni mkono mwanzo hadi mwisho.

Nguo: joto hupungua kama nyuzi 6 kila mita 1,000. Muscat ikiwa na 25, juu ni 7 hivi, bado upepo. Koti na kofia ya sufu.

Magoti na vidole vya miguu huumia kwenye kushuka. Kata kucha siku mbili kabla, vaa buti lenye nafasi mbele, na kabla ya kushuka kaza kamba upya kwenye kifundo ili mguu usiteleze mbele. Soli nyembamba ziache nyumbani, chokaa ya mlima huu inakata.

Asiye tayari kwa haya aende njia fupi ya W6, kutoka kijiji cha Al Khitaym hadi kijiji kilichohamwa cha As Sab. Ni nusu siku, na korongo ni lilelile.

Mwachie mtu njia na saa yako ya kurudi. Namba ya dharura Oman ni 9999. Ukishuka na gari, tumia gia ndogo. Breki zikianza kunuka, simama hadi zipoe.