Mtundu au mgonjwa? Wazazi wanauliza

Mwanangu ana miaka miwili na nusu. Nikimnyima simu anajitupa chini na kulia mpaka sauti inakauka. Ni ugonjwa? (Mama, Malaba)

Hapana, mama. Kati ya mwaka mmoja na minne hasira ni nyingi na maneno bado machache. Kaa karibu naye, usigombe, na simu usimpe. Ukimpa siku ya tatu kwa kuchoka, utakuwa umemfunza kulia siku tatu.

Wangu yuko P1 (darasa la kwanza), ana miaka saba. Hatulii, penseli hupotea kila siku, huwakatiza wenzake. Mwalimu anataka kumchapa, mama mkwe anasema karogwa. (Baba, Bombo)

Fimbo kwanza: marekebisho ya 2016 ya Sheria ya Watoto ya Uganda yaliipiga marufuku shuleni. Mwambie mwalimu hivyo, kwa adabu.

Sasa mtoto. Je, nyumbani pia yuko hivyo, au ni darasani tu? Kama ni darasani tu, mpime masikio na macho, uliza anakaa wapi, nani anamwonea, na kama anatoka nyumbani amekunywa hata uji. Tatizo la kutotulia na kukosa umakini huanza kabla ya miaka 12, huonekana zaidi ya sehemu moja na hudumu miezi 6 au zaidi. Wiki mbili za vurugu baada ya kuhama nyumba hazihesabiki.

Jambo jingine wazazi husahau kulitaja: aliwahi kulazwa na malaria iliyompanda kichwani, akapoteza fahamu? Utafiti uliofanywa hapa Uganda umeonyesha kuwa baadhi ya watoto waliopona malaria hiyo hubaki na shida za tabia. Mweleze daktari. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, au nenda Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, wanahudumia watoto pia. Najua jina hilo linavyowatisha watu, ingia tu. Na mama mkwe usibishane naye. Yeye aombe dua, wewe mpeleke mtoto.

Ni sukari inayomfanya aruke ruka? (Mama, Kampala)

Majaribio hayakuikuta na hatia. Ipunguze kwa ajili ya meno.

Mjukuu wangu, miaka minne, anawang'ata wenzake na kuchukua vitu vyao tangu mama yake aende kazini Dubai. Apewe dawa? (Bibi, Arua)

Bibi, umeshajijibu: "tangu mama yake aende". Huzuni yake inatokea menoni. Mama apige simu kila siku, saa ile ile. Akichukua kitu, mkirudishe pamoja bila kumwita mwizi. Kwa umri huu, kabla ya dawa yoyote, anayefundishwa kwanza ni mlezi. Na wewe, nani anakupokea mtoto upumzike?