Farasi kuchechemea baada ya kupigwa viatu

Pole, ndugu wa Njoro. Umesema farasi alipigwa viatu Jumatatu, na tangu jana hataki kukanyagia mguu wa mbele wa kulia. Mara nyingi huo ni msumari uliopita karibu mno na nyama hai.

Shika kwato zote mbili za mbele ulinganishe joto. Kisha papasa mshipa nyuma ya kifundo: ukidunda kwa nguvu upande mmoja tu, tatizo liko hapo. Gonga kila kichwa cha msumari taratibu kwa nyundo. Akivuta mguu, umeupata. Sugua kwa tupa ile ncha iliyokunjwa ubavuni mwa ukwato, ndipo uchomoe. Msumari ukitoka na damu, unyevu au usaha wenye harufu, kiatu chote kitolewe na daktari wa mifugo aitwe leo hii. Usichimbe ukwato mwenyewe.

Muulize daktari kuhusu chanjo ya pepopunda, tafadhali. Farasi hushikwa na ugonjwa huo upesi kuliko ng'ombe, na tundu la msumari linatosha kuuingiza. Daktari akisubiriwa, farasi akae pakavu, ukwato ukiwa umefungwa kitambaa safi. Dawa ya maumivu usimpe kabla hajapimwa, itaficha dalili.