Ukarimu haufutiki kama meza

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama ntilie hapa Mbuyuni, Moshi. Kijana wangu wa kazi nikimwambia "zingatia usafi na ukarimu", kufika mchana kashasahau yote mawili. Nikimwambia "futa meza, mpe mteja maji ya kunawa", hafanyi kosa. Ni ukaidi huu, au ni kichwa?

JIBU: Marahaba, mama. Usimkate mshahara. Ukitaja meza, anaiona, pamoja na alama ya mchuzi. Allan Paivio, mwanasaikolojia wa Kanada, alieleza kwenye kitabu chake cha 1971 kwamba jina la kitu cha kushikika huwekwa akilini mara mbili: neno, na picha yake. "Ukarimu" hauna picha ya kushikilia. Darasani kwangu nikisoma maneno kumi, "jembe" na "mbuzi" yalibaki. "Uwajibikaji" uliyeyuka hata kwa wale wa dawati la mbele.

Ila kushikika ni jambo moja, kuwa mahususi ni jingine. Mke wangu alinituma ndizi sokoni Kiusa. Nikarudi na chane la kisukari, zimeiva, zinanukia vizuri. Jikoni nyama ya mtori, ile supu ya ndizi, ilishachemka; alitaka mshare, ndizi mbichi za kupika. Picha niliyokuwa nayo ilikuwa safi kabisa, ila ya ndizi nyingine! Tukala wali, kimya kimya.

Simlaumu (sasa). Mwaka 1976 Eleanor Rosch na wenzake, Marekani, walionyesha kwamba watu hupenda kutaja vitu kwa ngazi ya katikati: aonyeshwaye kiti cha jikoni husema "kiti", hasemi "samani" wala hatafuti jina la aina yake. Ndivyo "ndizi" ilivyomtoka.

Na ukarimu wako usiutupe. Mwaka 1983 Paula Schwanenflugel na Edward Shoben waliona kwamba maneno ya namna hiyo, yanayochelewa kueleweka yakiwa peke yake, huwahi kama mengine yakitanguliwa na maelezo yanayoyafaa. Basi mpe kisa: "Yule mzee wa jana aliyepungukiwa mia mbili, tukamwachia supu yake, ule ndio ukarimu." Siku ya kumtuma ndizi, sema mshare. Kama ni mgeni wa huku, jina hilo kwake ni sauti tu; mshikishe moja kwanza.