Maswali yenu: mwanafunzi achague nini, mwalimu abaki na nini

Mara iliyopita niliandika kwamba mwanafunzi ambaye hajawahi kuamua jambo lolote katika masomo yake hatayaona kuwa yake. Maswali yamekuja mengi. Nimechukua yale yaliyonigusa zaidi.

Nina wanafunzi 70 katika chumba kimoja. Nikiwaachia wachague, nani atanisikiliza?

Hakuna aliyekuambia uwaachie, mwalimu mwenzangu. Kuwaachia ni jambo moja, kuwapa nafasi ya kuchagua ni jambo jingine, na wanaoyachanganya ndio wanaoifanya hoja hii ionekane ya kipuuzi. Mtaala unabaki kwako. Lengo la somo na muda pia. Waamue kitu kimoja tu kwa wiki, kwa mfano namna ya kuonyesha kwamba wameelewa mzunguko wa maji: mchoro wenye maelezo, insha ya ukurasa mmoja, au kumweleza mwenzake wa dawati huku wewe unasikiliza. Vigezo vya kusahihishia viwe vilevile kwa kazi zote tatu, na viandikwe ubaoni kabla hawajachagua.

Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia, alipofungua "nyumba ya watoto" yake ya kwanza, yaani shule ya watoto wadogo, mjini Roma mwaka 1907, vifaa vya kujifunzia vilikuwa vikifungiwa kabatini na mwalimu ndiye aliyevigawa. Siku moja kabati likasahauliwa wazi. Watoto wakajichukulia kila mmoja alichokitaka, wakaanza kazi. Badala ya kuwakemea, Montessori aliona hapo jambo la kujifunza, akaleta makabati mafupi ambayo mtoto anayafikia mwenyewe. Wanaopenda kumtaja huishia hapo. Kanuni yake nyingine hawaigusi: mtoto anachagua miongoni mwa vifaa ambavyo ameshaonyeshwa namna ya kuvitumia. Yaani kufundishwa kulitangulia. Wewe mwenye wanafunzi 70 unaihitaji kanuni hiyo kuliko mtu yeyote.

Si watachagua kazi rahisi?

Nimeshalijibu swali hili mara nyingi, na bado ndilo linaloletwa na watu wengi kuliko lingine lolote. Kazi rahisi imefikaje mezani? Uliiweka wewe. Ukiandaa kazi mbili, moja ya dakika tano na nyingine ya saa nzima, zote kwa alama kumi, usimlaumu mtoto anayekwenda kwenye ile ya dakika tano.

Erika Patall na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2010 kuhusu wanafunzi wa sekondari waliopewa kazi mbili za nyumbani zinazolingana, wachague moja. Walipochagua wenyewe waliifurahia kazi zaidi, na jaribio la mwisho wa mada walilifanya vizuri zaidi kuliko walipopangiwa. Zinazolingana: shikeni neno hilo. Tafadhalini, kabla ya kuniletea tena swali hili, zifanyeni nyinyi wenyewe kazi mlizoziandaa, mkipima kwa saa kila moja inachukua muda gani, mwone tofauti.

Mada ngapi za insha zinatosha?

Tano au sita. Sheena Iyengar na Mark Lepper, katika utafiti wao wa mwaka 2000, waliwapa wanafunzi wa chuo insha ya hiari. Waliopewa mada 6, asilimia 74 waliiandika. Waliopewa mada 30, asilimia 60.

Shuleni kwetu wanachagua mahali pa kukaa na rangi ya jalada la mradi. Je, haitoshi?

Haitoshi. Hayo ni mapambo, na watoto wanajua.

Nawapa zawadi wanaochagua kazi ngumu. Kuna ubaya?

Upo. Mwaka 1973 Lepper na wenzake waliwachukua watoto wadogo waliokuwa wakipenda kuchora, wakawaahidi baadhi yao cheti kama watachora. Siku zilizofuata, wakati wa kucheza, hao walioahidiwa walichora muda mfupi zaidi kuliko wenzao. Waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakupungukiwa hamu. Kwa hiyo shukuru baada ya kazi ukitaka, ila usiitangaze zawadi mapema. Na nyota mnazobandika ukutani mbele ya majina, ziondoeni. Najua hakuna aliyeniuliza kuhusu nyota.

Mwanafunzi wangu mmoja kila mara husema, "Wewe chagua, mwalimu." Nimlazimishe?

Usimlazimishe, na usimhesabu kuwa mvivu. Huyohuyo Iyengar, pamoja na Lepper, waligundua mwaka 1999 kwamba kundi moja la watoto, wale wa familia zenye asili ya Asia nchini Marekani, walifanya vizuri zaidi walipoambiwa kuwa mama zao ndio waliowachagulia kazi. Chaguo la mtu unayemwamini linaweza kuwa lako pia. Mchagulie mara hii, umweleze kwa nini umechagua hiyo. Wiki ijayo muulize angechagua ipi na kwa sababu gani. Nina wasiwasi zaidi na darasa ambalo wote wanasema hivyo: huko kuna mtu aliyewahi kuchekwa kwa chaguo lake.

Niliwaruhusu wajisahihishe. Wote wamejipa alama za juu. Nimeacha.

Umeacha mapema, mwalimu. Uliwaomba alama kabla hujawafundisha kuisoma kazi. Tafuta insha mbili za wanafunzi wa miaka iliyopita, ufute majina, moja nzuri na moja ya wastani. Wasisome kamwe kazi ya mtu aliyemo darasani humo. Waulize ni ipi imewashawishi, na kwenye mstari gani. Maneno watakayoyasema, hata yakiwa mafupi kama "hapa ametoa mfano" au "hapa amerukia jambo jingine", yaandike ubaoni. Hivyo ndivyo vigezo vyao.

Kisha kila mmoja achukue insha yake, apigie mstari sentensi moja anayoweza kuitetea na moja asiyoridhika nayo, aandike sababu pembeni. Wewe ukisahihisha, anza na ile asiyoridhika nayo. Toa maoni, usiandike alama. Mtafiti Ruth Butler alionyesha mwaka 1988 kwamba wanafunzi waliopewa maoni peke yake waliendelea vizuri, ilhali waliopewa maoni pamoja na alama hawakupata faida hiyo. Wakiiona namba, maoni hawayasomi.

Daftari likirudi, wape dakika kumi papo hapo darasani waiandike upya ile sentensi moja. Alama zisubiri insha ya pili.