Umeumia kazini? Usimjibu daktari "namshukuru Mungu, naendelea vizuri"

Mwajiri akija wodini kukuona na bahasha, ipokee kwa mikono miwili, kama bado unayo miwili. Bahasha ni ubinadamu. Shukuru, mwombee safari njema. Ila ile karatasi inayofuata baada ya bahasha, ile ya "weka tu sahihi hapa tumalizane kindugu", iache ikae juu ya kabati la kitanda mpaka akili itulie na mtu mwingine wa kwenu aisome.

Mimi niliumia mkono wa kulia kwenye kiwanda cha ndoo na mabeseni, Dar es Salaam, zamu ya usiku. Plastiki ilinasa, nikaingiza mkono kuitoa, mashine ikajifunga. Kidole cha shahada na cha kati vikakatwa, gumba likabaki gumu kama mpini. Simulizi yenyewe naiacha hapo, maana wenye kuumia mnaijua na wasioumia haiwasaidii. Ninachotaka kusema ni kwamba huku Tanzania Bara fidia ya kuumia kazini ni haki ya kisheria, bosi hakupi kwa hisani. Na kwa niliyoyaona, wengi hawaikosi kwa sababu ya ubishi wa ofisi. Wanaikosa, au wanapata pungufu, kwa sababu tukio liliandikwa ovyo siku za mwanzo, au kwa sababu walijikaza mbele ya daktari siku ya kupimwa.

Kwanza tujue mlango wa kugonga. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, umetokana na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na ulianza kazi Julai 2015. Anayeuchangia ni mwajiri peke yake. Sekta binafsi ilianza kwa asilimia 1 ya mishahara, ikashushwa hadi 0.6 mwaka 2021, na mwaka 2022 ikawa 0.5 sawa na serikali. Ukiona slipu yako ya mshahara ina makato ya WCF, uliza kwa sauti, maana hiyo pesa haitakiwi kutoka mfukoni mwako hata senti.

Sasa turudi kwenye "tumalizane". Supavaiza wangu alikuja na sura ya huzuni ya kweli, simsingizii. Akasema ofisi italipa hospitali yote na itanipa kitu cha kuanzia maisha, mradi ieleweke kwamba niliumia nikiwa nasafisha tu mashine baada ya muda wa kazi. Shemeji yangu, ambaye ni kondakta wa daladala na hajasomea sheria popote, akauliza swali moja: "Baada ya muda wa kazi, nani alikuwa amewasha mashine?" Kimya. Karatasi ikarudi kwenye begi.

Mwajiri anayetaka mmalizane mara nyingi ana kitu anachokikwepa. Pengine hajajisajili, pengine michango yake iko nyuma, pengine anaogopa watu wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, waje kuuliza kwa nini mashine haina kinga. Hayo ni yake. Hesabu yako wewe ni hii: bahasha inaisha kabla ya mkono kupona, na mkono utakaa nao maisha yote.

Mwenye ndugu aliyeumia leo, wewe uliye mzima ndiye wa kufanya haya, mgonjwa hawezi. Taarifa lazima imfikie mwajiri mapema. Sheria inakubali hata ya mdomo, lakini wewe peleka ya maandishi na ubaki na kopi yenye muhuri wa mapokezi. Wakikataa kugonga muhuri, tuma ujumbe wa simu kwa supavaiza na kwa mtu wa utumishi, ujumbe una tarehe na saa. Mwajiri naye ana siku 7 tangu ajue ajali kuripoti WCF. Ukiona anazungusha, usimsubiri, nenda mwenyewe ofisi ya Mfuko ukatoe taarifa. Dai likikaa zaidi ya miezi 12 bila kupelekwa, unajitafutia matatizo, na miezi 12 ya mtu anayelala na kuamka hospitali huisha haraka kuliko mnavyofikiri.

Halafu PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Kila majeruhi anaulizwa, na kila mtu anaichukua mbiombio ili mgonjwa atibiwe. Yangu iliandikwa "ameumia mkono". Basi. Wapi, saa ngapi, akifanya nini, hakuna. Dada yangu alirudi kituoni asubuhi kumwomba askari aongeze kwamba nilikuwa kiwandani, kazini, zamu ya usiku. Askari alinung'unika lakini aliandika. Hospitali ni hivyo hivyo: yule anayekupokea usiku anaandika analoambiwa na aliyekuleta, na aliyekuleta mara nyingi ni dereva wa kiwanda. Akisema "kaanguka", faili lako litasema umeanguka, na kila ripoti itakayofuata itanukuu hilo hilo. Omba usomewe. Kama limekosewa, omba lirekebishwe siku hiyo hiyo kabla wino haujakauka. Ukimwendea daktari miezi sita baadaye kutaka historia ibadilishwe, na yeye ana haki ya kukushangaa.

Kingine kinachowaponza watu ni likizo ya ugonjwa. Sheria ya ajira inatoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Mwajiri mjanja anaziandika siku zako za kuuguza jeraha kama likizo hiyo, kana kwamba una malaria. Unafurahi kuona mshahara umeingia, kumbe hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba uliumia kazini. Barua zako zote za mapumziko ziseme wazi: mapumziko kutokana na ajali ya kazini ya tarehe fulani.

Kwa kipindi ambacho huwezi kufanya kazi kwa muda, Mfuko unalipa asilimia 70 ya kipato chako cha mwezi, kwa hadi miezi 24. Kama ulikuwa unapata 600,000, tegemea 420,000. Hapo ndipo wengine hugundua walivyokuwa wakilipwa. Kuna viwanda mshahara wa kwenye karatasi ni mdogo, wa mkononi ni mwingine. Wakati wa neema mnacheka wote, kodi inapungua, maisha yanaenda. Ukishaumia, hesabu inafanywa kwa kile kilichoandikwa, na ile pesa ya mkononi haina shahidi. Tunza slipu zako, mkataba, na taarifa za benki. Kama wewe ni kibarua wa kulipwa kwa wiki, piga picha kile kitabu mnachosaini kila Jumamosi, hata leo ukiwa mzima.

Tuje kwenye kupimwa, maana hapa ndipo nilipotaka kufika.

Jeraha likishafikia pale ambapo matibabu hayataongeza kitu kikubwa, daktari anafanya tathmini ya ulemavu na kutoa asilimia. Asilimia hiyo ndiyo kila kitu. Ikiwa 30 au chini ya hapo, unalipwa kwa mkupuo mara moja. Ikizidi 30, unaingia kwenye pensheni ya kila mwezi. Kwa hiyo mtu wa 29 na mtu wa 32 wanatoka chumba kile kile na maisha mawili tofauti.

Na sisi tumelelewaje? Ukiulizwa unaendeleaje, unajibu "namshukuru Mungu, naendelea vizuri". Hata mtu anayekata roho anajibu "sijambo". Ni adabu nzuri, lakini kwenye chumba cha tathmini inaandikwa kama jibu la kitabibu. Mwenzangu wa kiwanda kingine, tuliyezoeana kwenye mazoezi ya mikono, aliulizwa kama anaweza kuvaa shati mwenyewe. Akasema ndiyo, daktari, bila shida. Mkewe ndiye anayemfunga vifungo kila siku! Lakini mwanamume mbele ya daktari mgeni, tena binti mdogo, atasema anavalishwa? Ripoti ikaandika anajihudumia mwenyewe.

Mama aliyekuwa akitufanyisha mazoezi ya mikono ndiye aliyenishika sikio. Aliniambia niende nyumbani, kwa wiki nzima niandike kila ambacho mkono umekataa. Nikaandika kwenye daftari la hesabu la mwanangu. Kukuna nazi: mbuzi naikalia, kifuu hakishikiki. Kukamua nguo: kitenge kinabaki kizito kwa maji, kinakauka kesho yake. Kusuka nywele za mtoto: siwezi kabisa, nalipia saluni. Kufungua kifuniko cha soda kwa opena, naweza kwa kushoto. Kuhesabu noti: zinaanguka. Kushika kalamu zaidi ya mistari mitatu: gumba linawaka moto mpaka kiwikoni. Usiku wa baridi vidole ambavyo havipo vinauma, na hilo nililiandika vilevile ingawa niliona aibu, nikidhani wataniona nimechanganyikiwa. Daktari hakushangaa hata kidogo. Aliniambia maumivu ya kiungo kilichokatwa yanajulikana, akayaweka kwenye ripoti.

Siku hiyo alipima kwa kile kifaa chake cha plastiki, mfano wa rula mbili zilizopigwa pini katikati, anakunja gumba taratibu na kusoma nyuzi. Hapo napo usijikaze kukunja zaidi ya unavyoweza ili umfurahishe. Na usiigize pia. Daktari anayepima mikono kila wiki anamjua mwigizaji kabla hajakaa, na Mfuko nao una madaktari wanaopitia ripoti na wanaweza kukuita upimwe upya. Ukweli wote, bila chumvi na bila staha: hicho ndicho anachohitaji. Kama kuna mtu anayekuhudumia nyumbani, ingia naye. Atasema yale unayoyaonea haya.

Jambo dogo lakini lina uzito: usikimbilie kufunga matibabu kwa sababu umechoka au una njaa ya ile pesa. Kuna ripoti ya kwanza, kuna za maendeleo, na kuna ya mwisho. Ukisukuma ya mwisho iandikwe kabla mkono haujatulia, utapimwa kabla haijajulikana vizuri kilichobaki na kilichokwenda. Uliza pia kuhusu utengamao, kwani sheria inautambua: kiungo bandia, mazoezi, hata kujifunza kazi nyingine. Watu wengi wanauliza hela tu, hili hawaligusi. Na kwa aliyeumia kiasi cha kuhitaji mtu wa kumhudumia muda wote, kuna malipo yake kwa ajili hiyo. Familia iyaombe, isidhani yatajileta.

Usiporidhika na uamuzi, andika barua ya kuomba mapitio, mapema, ukiambatisha kopi za kila kitu. Ngazi zipo mpaka mahakamani. Vishoka wa nje ya ofisi, wale wa "mama, mimi nawajua watu humo ndani, nipe asilimia kumi", waachie njia wapite. Kupeleka dai ni bure.

Kwa walioumia nje ya kazi, kwa mfano pikipiki ya Jumapili au kiharusi nyumbani, WCF si mahali penu. Kama ulikuwa mwanachama wa mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, ulizia mafao ya ulemavu huko; nayo yana masharti yake ya michango na ya kupimwa na madaktari. Aliyegongwa na gari aanze na polisi na bima ya lile gari. Bodaboda mwenye pikipiki yake hana mwajiri wa kumchangia, na hili linaniuma kila nikipita wodi za mifupa, kwa sababu ndio waliojaa mle. Ndugu zetu wa Zanzibar wana sheria yao na utaratibu wao.

Pesa ya mkupuo ikiingia, usimtangazie mtu. Mimi nilimwambia mama na mume wangu tu, na bado kabla ya wiki kuisha binamu ambaye hakuja hospitali hata siku moja alikuwa sebuleni na wazo la kuku wa mayai. Wenye pensheni nao wasipuuze wanapoitwa kwenye uhakiki. Usipohakikiwa, malipo yako yanaweza kusimama, na kuyaamsha ni kazi nyingine.

La mwisho ni ajira yenyewe. Kulipwa fidia hakumpi mwajiri ruhusa ya kukufukuza kwa sababu una vidole vitatu. Anatakiwa kufuata utaratibu, ikiwemo kuangalia kama kuna kazi nyingine unayoiweza. Mimi nilihamishiwa stoo, kuhesabu mizigo inayotoka, na naandika kwa mkono wa kushoto mwandiko ambao madereva wanalalamika hawausomi. Mwenzangu wa mazoezi aliachishwa kwa barua ya aya moja. Alikwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na alifika ndani ya muda, kwa sababu mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa upelekwe ndani ya siku 30. Barua ya kuachishwa ikikufikia, anza kuhesabu kesho yake, na fomu ya CMA iombe wiki hiyo hiyo.