Mnene sukari sawa, mwembamba anaumwa: kwa nini?

Dada, umeuliza inakuwaje mama mkubwa wako ana kilo 95 na sukari iko sawa, wakati mjomba mwembamba mwenye kakitambi tu ameshaanza dawa. Kikubwa ni mafuta yamekaa wapi, si kilo peke yake.

Mafuta ya mwilini ni ghala, tena ghala linalotoa homoni. Leptini, iliyogunduliwa 1994, huuambia ubongo kwamba akiba ipo. Adiponektini huisaidia insulini, homoni inayofungulia sukari mlango wa seli, kufanya kazi. Ghala la chini ya ngozi, hasa makalio na mapaja, hutunza mafuta kwa utulivu. Likishindwa kupanuka, seli zinavimba, chembe za kinga zinavamia, adiponektini inashuka, na mafuta yanamwagikia kwenye ini, misuli na kuzunguka utumbo. Hapo insulini inabisha hodi, haifunguliwi. Huyo ndiye mjomba.

Mimi kilichonishangaza ni lipodistrofi: kuna watu wanaozaliwa karibu bila mafuta kabisa chini ya ngozi, na bado hupata kisukari kikali na ini lenye mafuta. Ghala hawana, mzigo utakaa wapi?

Mjomba achukue futi ya fundi cherehani, atoe pumzi, apime kiuno bila kubana tumbo (wanaume tunapenda kudanganya hapa). Kisizidi nusu ya urefu wake: mwenye sm 170, kiuno chini ya 85. Mama mkubwa naye asijisahau, apime presha. Na magoti hayaulizi mafuta yamekaa upande gani.