Theluji Hatuna: Ushauri kwa Anayeandika Simulizi ya Mauaji Huku Ziwani

Vijana wanaotaka kuanza kurusha simulizi zao kwenye magrupu ya WhatsApp huniletea kwanza nizipitie. Nyingi ni za upelelezi, na nyingi zimezaliwa na kitabu cha aina moja: mji mdogo wa nchi ya baridi, polisi aliyeachwa na mkewe, theluji imefunga barabara, maiti imekutwa nyuma ya kanisa. Kijana kakisoma, kimemkolea, kakaa zake Buzuruga, hapa Mwanza, kaandika cha kwake. Fungua sehemu ya kwanza: Inspekta kavaa koti refu jeusi, ukungu umetanda Kirumba, mvuke unamtoka mdomoni. Kirumba hiihii, ambako saa nne asubuhi muuza sato anajipepea kwa kipande cha boksi!

Simlaumu. Vitabu hivyo navipenda mno, na ndivyo vilivyonifanya nianze kuandika za kwangu, ambazo karibu zote nimeziweka kwenye mialo (sehemu za kutua mitumbwi) ya kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria, na kuziuza sehemu kwa sehemu. Ila ukivisoma kwa jicho la fundi utaona kwamba baridi mle ndani haikuwekwa kwa ajili ya mandhari. Imeajiriwa. Inafunga mji ili muuaji asitoke na msaada usiingie. Inatunza alama ya kiatu tangu usiku hadi polisi wafike. Inakula mchana: mjini Stockholm mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa tisa alasiri, na Tromsø, kaskazini mwa Norwei, halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Jua letu sisi linazama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, na kipupwe chetu cha Juni na Julai kinatosha tu kumvalisha bodaboda jaketi alfajiri. Kwa hiyo usinakili baridi. Uliza kazi zile huku kwetu anazifanya nani.

Kufunga mji ni rahisi, mradi uchague mahali vizuri. Zamani ungeweza kumkwamisha mtuhumiwa wako pale Kigongo akisubiri kivuko cha Busisi, foleni ya malori nyuma yake, na polisi wakimkaribia gari kwa gari. Tangu 2025 kuna daraja la kilometa 3 hivi, anapita anapiga mluzi. Ukiitaka foleni ile, rudisha hadithi yako nyuma miaka michache na uuandike mwaka wazi. La sivyo hamia Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, ambako meli ya kutoka Mwanza bado ina ratiba yake, na upande wa pili kuna kivuko cha Rugezi na Kisorya. Yakikosa hayo mawili, kisiwa kimejifunga. Upepo unatosha. Magugu maji nayo yanatosha: yakisukumwa na upepo yanaziba ghuba nzima, mitumbwi inalala nchi kavu na watu wanabaki kutazamana. Hakuna theluji inayofunga mwalo kimya kimya namna ile.

Lakini kitu ambacho ningekusihi ukitumie kuliko vyote ni mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na taa haina nguvu mbalamwezi ikiwaka. Kipindi cha giza kikiingia, yaani zile siku ambazo usiku hauna mbalamwezi, mwalo unabaki na wanawake, watoto, wazee na wale wenye sababu ya kutokwenda ziwani. Mwezi ukikua, wanaume wako nchi kavu usiku kucha, na mara nyingi ndipo hesabu zinapopigwa: petroli imekatwa, tajiri mwenye mtumbwi kachukua chake, mgawo umetoka, vilabu vimejaa. Kwa hiyo unazo kalenda mbili za mauaji. Mtu akiuawa wakati wa mbalamwezi, watuhumiwa ni kijiji kizima na sababu ni pesa, pombe au mapenzi. Akiuawa gizani, swali la kwanza ni nani hakupanda mtumbwi usiku ule, na kila mtumbwi una wenzake wa kuthibitisha. Nimewahi kuona kijana ameandika mvuvi wa dagaa anatoka kwenda kazini "mwezi mpevu uking'ara juu ya maji". Wasomaji wa visiwa vya Ukara na Goziba watakucheka mpaka ufute grupu.

Alama nazo zinataka kufikiriwa upya. Mchanga wa mwalo haukuwekei kitu. Ikifika saa moja asubuhi umeshakanyagwa na wachuuzi, mbuzi na bata. Ila dagaa walioanikwa ni habari nyingine. Mtu akikatiza juu yao anaacha njia ya samaki waliopondeka, na mama mwenye dagaa atakwambia bila kuulizwa amekatiza nani, kwa mguu upi, na amemdai shilingi ngapi.

Maiti ndani ya maji ndiyo inayowaponza wengi. Kwenye vitabu vya baridi mtu hutumbukizwa ziwani mwezi Novemba, barafu inafunga juu yake, anaonekana masika wakati barafu inayeyuka. Hilo ni kweli huko kwao. Katika maziwa ya baridi yenye kina kirefu, kama Superior la Marekani na Kanada, aliyezama huweza asiibuke kabisa, kwa sababu bakteria wanaotengeneza gesi inayomwinua hawafanyi kazi kwenye baridi ile. Ziwa Victoria lina wastani wa kina wa mita 40 tu, na maji yake ya juu ni ya nyuzijoto karibu 25. Muulize mzee yeyote wa mwaloni: siku mbili tatu, mtu kaibuka. Kwa hiyo muuaji wako mwenyeji hatupi maiti majini akidhani ameimaliza kesi. Akiitupa, ama ameifunga jiwe, ama anataka ionekane kama ajali, ama ni mgeni wa bara asiyejua. Hapo tayari umeshapata mgawanyo wa watuhumiwa kabla askari hajauliza lolote.

Kuhusu askari mwenyewe. Polisi wa vile vitabu vya kizungu amezaliwa palepale, kasoma na muuaji darasa moja, mama yake ananunua mkate duka lilelile. Utamu mwingi unatoka hapo. Kwetu polisi anahamishwa. Mkuu wa kituo Nansio anaweza kuwa Mnyakyusa aliyefika mwaka jana, hajui Kikerewe, na nyumba anayopanga ni ya mjomba wa mtuhumiwa. Mimi naona hii ni bora zaidi. Kijiji kinajua kila kitu na yeye hajui kitu, na kila siku lazima aombe kujulishwa. Anaomba kwa nani? Kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mtendaji wa kijiji, kwa viongozi wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni) wanaojua mitumbwi iliyotua na iliyoondoka, kwa wakala wa pesa za simu, kwa mhudumu wa gesti mwenye daftari la wageni. Na kwa mama wa uji. Mpe mama wa uji nafasi. Hiki ni kipande cha simulizi yangu moja, wasomaji bado wananikumbusha:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nikumiminie?"

"Nimiminie. Jana alfajiri Kaputi na wenzake walipita hapa?"

"Afande, mimi ni mtu wa uji. Nani kapita, nani hakupita, hayo sijui."

"Sawa mama."

"Napika kwa hesabu, lakini. Mtumbwi wa Kaputi una watu wanne. Jana sufuria ilibaki na vikombe vinne. Nikawapa watoto wa shule."

Hajataja mtu, hajamsingizia mtu, na kesho ataweza kuuza uji palepale. Watu wa mji mdogo hutoa ushahidi hivyo, kwa kuzunguka. Ukimwandika shahidi anayesema "Nilimwona Kaputi saa kumi na dakika kumi akikimbilia kusini", umeandika mtu ambaye hajawahi kuishi na jirani.

Na uliona jina: Kaputi. Kwenye makambi ya wavuvi watu huishi kwa majina ya utani miaka na miaka. Anakufa mtu mnayekula naye kila siku, polisi anauliza jina lake kamili na kwao ni wapi, mnatazamana. Nusu ya upelelezi wako inaweza kuwa kumtafutia marehemu jina. Sijui kwa nini waandishi wetu hawalitumii hili zaidi.

Sasa msiba. Kwenye nchi za baridi kali ardhi ikiganda, kuna sehemu ambako mazishi hungoja hadi majira yabadilike. Polisi ana muda. Wewe muda huna, na usiutafute, kwa sababu presha ya kuzika ndiyo saa yako ya ukutani. Ndugu wanafika, wazee wanamwendea afande kwa upole unaokaribia ukali: daktari amalize, maiti haisubiri. Akiwa Muislamu wanataka azikwe siku ileile. Na wakati huohuo kijiji kizima kimekaa chini ya turubai moja, muuaji akiwemo. Hawezi kutokuja, asipokuja, kesi imekwisha. Basi yuko pale, ameshika sepetu, anachimba kaburi la mtu aliyemuua, na anapewa pole kama wenzake.

Mwache askari wako akae msibani. Asihoji mtu. Aangalie nani anakwepa kubeba jeneza na nani anang'ang'ania kulibeba. Halafu aombe daftari la rambirambi. Hilo daftari ni hazina, na hutaliona kwenye kitabu chochote cha theluji. Kila jina lina kiasi, na kila mtu wa pale anajua fulani hutoa ngapi. Mtu wa elfu mbili akitoa elfu hamsini, karani wa msiba anakohoa kidogo kabla ya kusoma. Mtu wa elfu hamsini akitoa elfu mbili, watu wanageuka. Na tajiri wa mtumbwi akijitolea kugharamia kila kitu, sanduku, chakula, hata kaburi, kwa sharti moja tu kwamba azikwe hapahapa leo na si kusafirishwa kwao, msomaji wako ataweka simu chini na kusema, "Huyo!" Unaweza ukamwacha aamini hivyo kwa sehemu tatu nzima. Katika ile yangu, tajiri hakuwa muuaji. Alikuwa anaogopa ndugu wasije kudai mgawo wa giza mbili ambao hakuwahi kumlipa marehemu.

Sheria nitaigusa kwa haraka, ila iguswe. Afande anayemfungia mtu siku tatu akimpiga mpaka akiri anaharibu kesi yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa saa nne za msingi za kumhoji aliye mikononi mwake, na akizidisha bila kuongezewa muda kisheria, maelezo yale yanaweza kutupwa mahakamani. Saa nne! Kwa mwandishi hiyo ni zawadi. Kesi ya mauaji haina dhamana na kwa kawaida husikilizwa Mahakama Kuu, kwa hiyo hakimu wa wilaya hamhukumu mtu kunyongwa kwenye sehemu yako ya ishirini. Sampuli huenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na majibu hayarudi baada ya chai. Usimpe koplo kazi ya mkuu wa upelelezi wa wilaya.

Kuna mambo mawili nisingeyagusa bila sababu nzito. La kwanza ni mauaji ya vikongwe wanaoshukiwa uchawi kwa kuwa na macho mekundu, ambayo moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe umeyafanya hivyo. Yametokea Usukumani, yameumiza familia, na mwandishi anayeyatumia kumtisha tu msomaji kisha akaendelea na mapenzi ya Inspekta simheshimu. La pili ni kuzama kwa vivuko. MV Nyerere ilizama karibu na Ukara Septemba 2018, wakafa zaidi ya watu 200. Wasomaji wako wa visiwani wana ndugu mle. Ukitaka kumwondoa mhusika, mwondoe kwa njia nyingine.

Mwisho ni suala la biashara. Rusha simulizi yako kwa siku zinazojulikana, kata sehemu pale mtu anapofungua mlango na si baada ya kuingia, na usitume sehemu ya mwisho kipindi cha giza. Nusu ya wanunuzi wako watakuwa ziwani na simu zimezimwa, na wale waliobaki nchi kavu watawahadithia muuaji ni nani kabla hawajalipia.